Nyuzi za Mashoto

Kabla ya kufunga kitu chochote chenye nyuzi, kiwe kifuniko cha chupa ya dawa au bolti ya injini nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, mzee huyu alianza kwa kukizungusha kinyume. Kidogo tu. Alikirudisha nyuma taratibu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza siri za jirani ukutani, mpaka kiseme tik. Hapo ndipo alipoanza kukaza.

"Nyuzi zitafutane kwanza," alisema. "Ukizilazimisha zinatafunana."

Alifanya hivyo karakanani, alifanya hivyo mezani kwa chupa ya mafuta ya kupikia, na siku moja hospitalini alipopewa kikopo cha kutilia mkojo alifanya hivyo tena, muuguzi akamuuliza kama kikopo kina hitilafu. "Hakina," akajibu. "Tulikuwa tunasalimiana."

Binti yake wa pekee alikuwa na tabia hiyo hiyo alipokuwa mdogo. Kisha akaiacha, na wala hakumbuki ni lini.

Watu walimwita baba yake Mashoto. Alizaliwa mkono wake wa kushoto ndio wenye akili, na shuleni mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa akimpiga kwenye vifundo vya vidole kwa ubavu wa rula. "Andika kama watu!" Kila siku ni hilo tu: andika kama watu. Basi akaandika kama watu, kwa mkono wa kulia, herufi zikatoka kama nyayo za kuku tope likiwa bichi. Darasa la saba lilipoisha hakuna aliyemshauri aendelee. Akaenda kufagia karakana ya reli, na humo ndimo alimokutana na mashine ya kukereza.

Mashine hiyo ni rahisi kueleza, kuijua ndiyo kazi. Chuma kinashikwa mdomoni, kinazunguka, na kisu kinasogezwa taratibu kukimenya, maganda yakianguka chini yamejiviringa kama nywele. Ukitaka kutia nyuzi, kisu kinatembea sambamba na chuma na kukichora mfereji mmoja mrefu unaozunguka mwanzo hadi mwisho. Dunia nzima mfereji huo unakwenda upande mmoja, ndiyo maana kila nati duniani unaikaza kwa kuizungusha kulia. Lakini pembeni mwa mashine kuna wenzo. Ukiuhamisha wenzo huo tu, mfereji unakwenda upande wa pili.

Alipouona mara ya kwanza, kijana mwenye vifundo vyenye makovu, aliuhamisha, akautazama, akaurudisha. Hakumwambia mtu. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mlango uliodhani ni ukuta kumbe una bawaba.

Kwenye kitambulisho chake cha kazi cheo kiliandikwa kwa Kiingereza: turner. Binti yake, ambaye baadaye alikuja kufundisha Kiingereza katika chuo cha ualimu, alimweleza siku moja kwamba cheo hicho kimetoka kwenye neno *turn*, na kwamba neno hilo halina mapumziko. Ni kugeuza na kugeuka, ni kuzungusha, ni kukata kona. Maziwa yakichacha ni hilo hilo. Mtu akitimiza miaka arobaini ni hilo. Hata zamu, ile zamu yako na zamu yangu, ni hilo pia.

"Neno moja?" baba akauliza.

"Moja tu, baba."

"Basi hao wenzetu ni mabahili. Sisi tuna la kukereza, la kusokota, la kupindua, la kukaza, kila kazi na fundi wake. Wao wamemwajiri mmoja, wanamsaga."

Mama alikuwa kwenye cherehani yake, akasema bila kuinua macho: "Kama mimi humu ndani." Wote wakacheka.

Karakanani Mashoto alifuata upande wa dunia. Angefanya nini, treni si ya kwake. Lakini nyumbani kwake, kila kitu alichokitengeneza kwa mikono yake alikikata nyuzi za kushoto. Mkono wake ulikuwa na nguvu upande huo, na labda, ingawa hakuwahi kusema, alitaka pawe na mahali pamoja chini ya jua ambapo yeye ndiye watu. Bomba la uani lilifungwa kwa kuzungusha kushoto. Vifuniko vya mikebe ya chumvi na sukari, vitasa vya milango, skrubu za vitanda, vyote vilikuwa hivyo. Kikopo cha vifungo cha mama, cha shaba, alichokikereza mwaka waliooana, kilikuwa cha kwanza.

"Nimeolewa na saa inayorudi nyuma," mama alikuwa akiwaambia wateja wake, pini mdomoni. "Lakini haijawahi kunichelewesha."

Wageni ndio waliopata taabu. Mjomba, kaka yake mama, mtu mnene mwenye haraka, alikwenda chooni sikukuu moja akakaa humo robo saa. Kisha wakasikia mlango unagongwa kwa ndani.

"Shemeji! Mlango wenu umekwama!"

"Haujakwama, shemeji. Unaukaza."

"Nazungusha upande wa kufungua!"

"Huo wa kwenu. Zungusha wa kwetu!"

"Wa kwenu ndio upi?"

"Ule ambao moyo unakuambia si wenyewe!"

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni na nguo ya mteja mapajani. Mjomba alipotoka, jasho linamtiririka, alitangaza kwamba mwizi akiingia nyumba ile atakwenda polisi mwenyewe kujisalimisha.

Binti alikulia humo bila kujua kwamba kuna upande mwingine. Aliujua alipokwenda shule ya bweni. Wiki ya kwanza tu alifunga bomba la bafuni jinsi alivyofunga la kwao, akalifungua lote, akatoka. Usiku huo magodoro ya wasichana wanane yalilowa. Walimcheka muhula mzima. Akajifunza. Mkono wake akaufundisha upya, siku kwa siku, kama mtu anayejifunza kutembea na kiatu kipya, na alipomaliza chuo, akaajiriwa, akapanga chumba mbali na kwao, mkono ulikuwa umesahau kabisa. Aliporudi likizo alikosea mara moja au mbili kwenye mkebe wa sukari, baba akatabasamu, basi.

Kisha mama akapata kiharusi.

Kilimwangusha mbele ya cherehani, kikamchukua upande wote wa kulia pamoja na maneno. Ilibaki silabi moja. "E," alisema, kwa ndiyo, kwa hapana, kwa njaa, kwa kumwita mumewe. Walipomrudisha nyumbani muuguzi wa zahanati alikaa na Mashoto kwenye ngazi akamweleza kazi.

"Mzee, mgonjwa huyu hawezi kujigeuza. Wewe ndiye utakayemgeuza, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Akilala upande mmoja muda mrefu damu haipiti, ngozi inakufa. Kidonda cha kulalia ni kama moto wa pumba, unakuja kuuona juu umeshakula ndani."

"Kugeuza ndiyo kazi yangu," akasema Mashoto. "Miaka thelathini na nane."

Lakini chuma kinashikwa mdomoni na mashine ndiyo inayozungusha. Mama alikuwa mwili, mzito upande uliokufa, na Mashoto alikuwa na miaka sitini na tisa na bega bovu. Mwezi wa pili kidonda kikatokea kwenye nyonga ya kulia. Kikapanuka mpaka kikawa kama kisahani cha chai, na ndani yake mfupa ulionekana kama jino.

Ndipo alipokwenda karakanani kuomba mashine ya zamani, ile iliyokuwa imeachwa pembeni kwa kuwa vijana hawaitaki. Wakamruhusu. Kwa wiki sita alikereza, akarudi kumgeuza mkewe, akaenda tena, na jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mjane mwenye mikono kama ya mpiga makasia, alimshikia zamu. Alichokitoa kilikuwa kitanda ambacho binti yake hajawahi kuona mfano wake. Ubao wa kulalia ulikaa juu ya bomba la chuma lililopita katikati, kichwani hadi miguuni. Miguuni kulikuwa na skrubu nene na mkono wa kuzungushia. Ukiuzungusha, ubao unainama polepole, na mgonjwa anageuka bila kuvutwa, kama mtu aliyeota ndoto akajigeuza mwenyewe.

Nyuzi za skrubu ile alizikata pana na zenye mteremko mkali, ili hata mkono dhaifu uweze. Ila wepesi nao una gharama yake. Uzito wa mama, upande ule uliokufa, ungeweza kuizungusha skrubu kidogo kidogo na kurudisha ubao kulia. Kwa hiyo aliweka nati kubwa ya shaba ya kuzuilia. Ukishamgeuza, unaikaza nati, na hapo hata tembo hasogei. Mwishoni mwa nyuzi alitia kipini kidogo, nati isije ikatoka yote ikapotelea uvunguni.

Na nyuzi zote, bila kufikiri, kwa kuwa alikuwa anatengeneza kitu cha nyumbani kwake, alizikata za kushoto.

Ukutani alitundika ubao mweusi. Saa upande mmoja, mlalo upande wa pili: kushoto, chali, kushoto. Kulia hapana. Kila baada ya kumgeuza aliweka alama kwa chaki. Na kidonda kikaanza kufunga. Kikawa kama sarafu. Muuguzi alipokuja kukisafisha alikitazama, akakitazama tena.

"Mzee, nimefanya kazi hii miaka kumi na tano. Vidonda hivi huwa navisindikiza tu. Hiki kinafunga."

"E," akasema mama.

Siku hiyo Mashoto alimpigia binti yake simu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake binti alimsikia baba yake analia. Alisema tu, "Nyama mpya, mwanangu. Nyekundu kama ya mtoto."

Binti alikuja likizo na begi la nguo na mfuko wa karatasi za mtihani. Mia moja na arobaini. Siku ya nne baba alitakiwa kwenda hospitali kuu kuchukua shashi za kufungia kidonda na dawa, safari ya foleni. Saa sita mchana alivaa koti lake.

"Saa saba mgeuze kushoto. Saa tisa mlaze chali. Nitakuwa nimerudi kabla ya saa kumi na moja. Kaza nati."

"Sawa, baba."

"Nati usiisahau."

"Baba, nimezaliwa humu."

Akacheka kidogo, akaenda. Hakumwambia ni upande gani. Haikumpitia akilini kwamba mtoto wake anahitaji kuambiwa jambo kama hilo.

Saa saba binti aliuzungusha ule mkono wa kitanda; nati baba alikuwa amemlegezea kidogo kabla ya kuondoka. Kwanza aliupeleka kulia, ubao ukaanza kuinama vibaya, akasema, "Lo, samahani mama, nyumba ya kinyumenyume," akaurudisha. Mama akasema "E," na jicho lake moja likacheka. Akamgeuza vizuri, mto nyuma ya mgongo, mkono uliokufa juu ya shuka. Kisha akaikaza nati. Aliizungusha kulia. Ilikwenda kwa ulaini, ikazunguka, ikazunguka, ikagota kwenye kitu na kukataa kusogea. Akaona imekaza. Kilichoizuia kilikuwa kile kipini.

Laiti angeanza kwa kuirudisha nyuma kidogo, kama alivyofundishwa kabla hajaota meno ya pili. Ingemkatalia pale pale, na kukataa kwake kungemwambia. Ule mkono wa kuzungushia macho yaliukosoa, kwa kuwa ubao ulionekana ukiinama. Nati haikuwa na cha kuonyesha.

Alikaa chumba cha pili, mlango wazi, akasahihisha. Swali lilikuwa la lile neno: wanafunzi watunge sentensi kumi, kila moja na maana yake. Wengi walikomea kwenye kona na maziwa. Mmoja alikuwa ameandika vizuri sana, sentensi ndefu zenye mzaha, na binti akamsoma kwa furaha ile ya mwalimu ambayo haipatikani mara nyingi. Akatazama saa. Saa tisa kasoro dakika tano. Akajisemea, nimalize fungu hili.

Katikati ya fungu alisikia sauti. "E."

"Nakuja, mama," akasema. "Nimalize hii moja."

Hakwenda. Si kwamba alikataa, wala si kwamba alisinzia. Karatasi ilifuata karatasi. Sauti haikurudi tena, na kimya huwa kinafanana na usingizi.

Baba aliingia saa kumi na nusu na furushi la shashi kwapani. Alikwenda moja kwa moja chumbani bila kuvua koti. Binti alimsikia akisimama. Kisha akasikia mkono wa kuzungushia ukilalamika, na nati ikikazwa, mizunguko mingi sana.

Alipoingia, mama alikuwa amerudishwa chali. Shuka upande wa kulia lilikuwa limelowa majimaji yenye damu. Mto ulikuwa umeanguka. Jicho la mama lilikuwa wazi, linatazama dari, na njia ya chozi ilikuwa imeshakauka mpaka sikioni.

"Ni nani aliyekaza?" baba akauliza. Hakupaza sauti.

"Mimi, baba."

"Ulizungusha upande gani?"

Alitaka kujibu kwa mdomo, mkono ukatangulia. Ulizunguka hewani, kulia. Baba akautazama mkono ule. Akautazama muda mrefu, kama anayetazama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo aliwahi kuijua. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Ni mimi," akasema. "Mtu gani anamtengenezea mgonjwa kitanda kinachomjua fundi wake peke yake? Ni mimi, mwanangu. Miaka yote nimewatania wageni, kumbe namwandalia mama yako kifo."

"Baba, usiseme hivyo."

"Chemsha maji."

Alitakiwa kusema hapo. Maneno yalikuwa machache: sikumgeuza saa tisa, baba, aliniita sikwenda. Lakini baba aliondoka kwenda mwenyewe kuchemsha maji, na kwenye ubao mweusi, mbele ya saa tisa, palikuwa patupu. Binti aliutazama utupu ule. Akachukua chaki akaweka alama. Haikuchukua hata pumzi moja. Angeweza kuapa kwamba mkono ndio uliofanya, lakini mkono hauna mwenye kuuagiza isipokuwa mwenyewe.

Muuguzi alipokuja kesho yake alikifunua kidonda akakifunika haraka. Mashoto alimwonyesha ubao. "Alimgeuza saa tisa kama ilivyotakiwa. Ubao umerudi baada ya hapo. Ni saa moja na nusu tu."

"Saa moja na nusu haifanyi hivi, mzee."

"Basi ni nati," akasema Mashoto. "Nati ndiyo iliyofanya."

Muuguzi alimtazama binti. Binti alikuwa anakunja shashi.

Mama aliishi wiki saba zaidi. Nyama ile mpya ilioza kwanza, kisha ile ya zamani. Sumu ikaingia kwenye damu, homa ikaja, na asubuhi moja ile silabi iliyobaki nayo ikaondoka. Kama ni siku ile iliyomuua au ni kiharusi chenyewe, hakuna daktari aliyesema, na binti hakuuliza, maana alikuwa na jibu lake na hakutaka lingine.

Mazishini jirani mjane alisema ajali haina kinga. Mjomba, macho mekundu, alimshika Mashoto begani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, shemeji."

"Koleo lipo zima, shemeji," Mashoto akamjibu. "Aliyevunjika ni mhunzi."

Alivyosema ndivyo ilivyokuwa, ingawa kwa nje alifanya kazi kuliko zamani. Arobaini haikupita akarudi kwenye ile mashine ya pembeni. Akaanza na bomba la uani. Alilifungua, akatupa nyuzi zake, akakereza nyingine za upande wa dunia. Kisha vitasa. Kisha mikebe, skrubu za vitanda, kishikio cha dirisha la jikoni. Kimoja kwa wiki, kingine kwa mwezi, kwa kuwa mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Jumapili alimpigia binti kumpa taarifa.

"Leo nimemaliza cha chooni."

"Baba, pumzika."

"Nimefungwa humo saa nzima! Mkono unakwenda kwetu, mlango uko kwenu. Nikamkumbuka mjomba wako." Akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Binti alishika simu, hakuweza kucheka.

Kwake, mbali huko, mambo yalikuwa yamegeuka vingine. Tangu siku ile mkono wake ulikumbuka. Kila alipofunga kitu, ulikwenda kushoto. Alimwaga mtungi wa maji jikoni, akafurisha sinki mara mbili, mwenye nyumba akaja kulalamika. Darasani alilipita lile neno kwenye mtaala kwa miaka miwili bila kulifundisha. Wanafunzi hawakugundua. Mara kwa mara, akiwa peke yake na karatasi, alisikia "E" kutoka chumba cha pili, na chumba cha pili hakikuwapo. Alikuwa amepanga chumba kimoja.

Likizo ndefu ya mwaka wa pili alipanda basi akiwa ameamua. Njia nzima alipanga maneno, akayapunguza, yakabaki matatu: baba, sikumgeuza mama. Alijua kwamba mzee yule alikuwa anabomoa maisha yake yote, skrubu kwa skrubu, kwa kosa ambalo nusu yake haikuwa yake.

Alimkuta amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alimtembeza nyumbani kwake kama mpangaji mpya. "Jaribu bomba. Jaribu mlango. Shika huo mkebe." Kila kitu kilifunga kulia, kwa ulaini wa ajabu, na nyumba ilikuwa kama nyumba yoyote. Kitanda kile kilikuwa kimeondolewa. Kwenye meza ya cherehani kilikaa kikopo cha shaba cha vifungo, kinang'aa upya.

"Hiki ndicho cha mwisho," akasema baba. "Nilikuwa nakiachaacha. Nimekimaliza juzi. Kifungue."

Mkono wake ulikwenda kulia, ukakaza pale alipotaka kufungua, ukageuka, ukababaika. Kifuniko kilimchezea mkononi kama samaki. Baba akamtazama kwa mshangao.

"Mbona unakwenda upande wangu?"

"Baba," akasema, "siku ile, saa tisa..."

"Saa tisa ulimgeuza," baba akamkata. "Ninayo."

Alikwenda nyuma ya kabati akatoa ule ubao mweusi, umefungwa kwa kanga ya mama. Akaufungua taratibu. Chaki ilikuwa imefifia, lakini mistari yote ilikuwapo, na mbele ya saa tisa palikuwa na alama, kubwa kuliko nyingine, ya mkono wenye haraka.

"Sikuufuta," akasema. "Kila nikikaa nikijilaumu nautoa nautazama. Najisemea, Mashoto, wewe umekosa, lakini mtoto wako alimshughulikia mama yake. Alama hii ndiyo inayonilaza usiku."

Binti alikitazama kikopo cha vifungo. Akakizungusha nyuma kidogo. Kikasema tik. Akakifunga, kulia, mpaka mwisho, akakirudisha mezani mahali pake.

"Ndiyo, baba," akasema.

Siku tatu alizokaa hawakuzungumza tena habari hiyo. Alimfulia, akampikia, akamkata kucha. Alizungusha mabomba na vitasa, na kila alipokosea alisikia aibu ya msichana wa bweni, ila sasa ilikuwa nyumba ya kwao inayomfundisha. Siku kumi na tisa baada ya kuondoka kwake, mjomba alipiga simu. Walimkuta baba amefariki kwenye kiti cha cherehani, kikopo mapajani, kifuniko kimefunguka, vifungo vimetawanyika sakafuni mpaka chini ya kabati.

Asubuhi ile binti alipoondoka, baba alikuwa amemsindikiza mpaka mlangoni. Kulikuwa na manyunyu. Binti alikuwa na begi bega moja, amesimama kizingitini, maneno yake matatu bado yako mdomoni, na mkono wake umeshika kitasa bila kujua ukipeleke wapi. Baba akauondoa mkono ule polepole, kidole kwa kidole, akakishika kitasa yeye.

"Nenda, mwanangu, basi lisije likakuacha. Mlango niachie mimi. Siku hizi nimejifunza kufunga kama watu."